Hemoglobini ya Zaina Ndani ya Bidon ya Manjano

Ukisikia watu wa Mabanga, mtaa wetu hapa Goma, wakisimulia habari ya kijana aliyeleta damu kwenye arobaini ya bibi yake, shehe akanawishwa nayo mbele ya wageni, kijana huyo ni mimi. Naona afadhali niandike mwenyewe, hata kama naandika polepole, maana kila anayesimulia anatia chumvi yake, na mimi nikiwasikia wanacheka nakasirika. Haikuwa damu. Nitarudia tena mbele, lakini nilitaka niliseme hilo kwanza, kwa sababu siku yenyewe nilipolisema hakuna aliyenielewa.

Dada yangu Zaina alikuwa mwaka wa mwisho kwenye taasisi moja ya afya, upande wa labo, yaani maabara. Kazi yake ya kumaliza masomo ilikuwa kutoa hemoglobini ndani ya damu ya ng'ombe na kuisafisha mpaka isibaki na kitu kingine. Alikuwa anaenda machinjioni alfajiri, anatia dawa damu isigande, anaizungusha kwenye mashine mpaka chembe nyekundu zinakaa chini, anamwaga yale maji ya manjano ya juu, kisha anaziosha chembe kwa maji ya chumvi mara tatu (chumvi ya kupimwa, maana ukitumia maji matupu zinapasuka kabla ya wakati), halafu sasa ndipo anazipasua makusudi, anazungusha tena, anachuja maganda. Kinachobaki ni ile rangi tu inayobeba hewa mwilini. Mara tatu ilimharibikia kwa sababu ya umeme kukatika. Mara ya nne akapata litre moja, nyekundu, safi, ukiweka kidole nyuma ya chupa unakiona.

Siku ya kuionyesha mbele ya maprofesa ilikuwa moja tu. Ikimpita, angoje mwaka mwingine, na Goma ya wakati ule hakuna aliyekuwa anamuahidi mtu mwaka mwingine: waasi walikuwa wamekata barabara ya kwenda mji wa Kiwanja, na profesa mmoja alikuwa amekwishakimbia na familia yake.

Kwa sababu labo haikuwa na baridi ya kuaminika, chupa ilikuwa inalala kwenye sanduku la barafu la Mama Furaha, muuza samaki wa Mabanga. Asubuhi ile Zaina akatangulia kupanga meza yake, akaniambia, "Shabani, chukua chupa kwa Mama Furaha, uilete moja kwa moja."

Kazi ya mtoto wa miaka saba, si ndiyo? Sasa sikiliza nilivyofanya.

Nilipoitoa chupa kwenye barafu jua likaipiga, ikawaka nyekundu kama taa, na Mama Furaha akasema, "Utapita na damu mu chupa mbele ya camp ya Katindo, na hii vita? Basoda batakuuliza umeua nani." Mimi ni mtu wa haya, hata kuomba chumvi kwa jirani nazunguka nyumba mara mbili kwanza, na nilijiona mbele ya askari nikigugumia neno hemoglobini na foleni nzima ya motari na pikipiki zao inanitazama. Ningeweza kuifunga chupa kwa kitambaa. Ningeweza hata kuivisha soksi. Hapana, akili yangu ikasema: bidon, dumu la plastiki la maji. Tangu volkano imeze mabomba, Goma nzima inatembea na bidon za manjano, na hakuna anayemuuliza mtu wa bidon amebeba nini. Mama Furaha akanipa moja ndogo, nikaisuuza kwa kikombe kimoja cha maji (maji yalikuwa shida, sikuthubutu kuomba cha pili), nikamimina, nikafunga, nikajisifu.

Njia ilipita mbele ya parseli ya baba mudogo Salumu, kiwanja chenye nyumba yake, ambako arobaini ya bibi ilikuwa inasomwa. Nilikuwa nimepanga kupita mbio. Baba mudogo alikuwa amesimama mlangoni, maji yamewaishia, na adhuhuri imeshafika.

"Shabani, mutoto ya kaka, Mungu njo amekutuma. Leta hiyo mayi."

"Baba mudogo, hii..."

"Hii nini? Muzee anangoja kutawadha, we unaniambia hii."

Akaichukua mkononi mwangu. Unamnyang'anya mkubwa wako bidon mbele ya wageni, wewe? Mimi sikuweza. Nikamfuata kama mbuzi. Shehe, mzee wa watu, alikuwa ameinama na mikono mbele, kanzu nyeupe, na baba mudogo akaiinamisha bidon huku uso ameugeuza anasalimia mgeni aliyekuwa anaingia.

Shehe akasema taratibu tu, "Salumu, angalia mikono yangu."

Akaangalia. Tukaangalia wote. Ilikuwa inateremka kwenye viwiko, imefanya povu kidogo, inadondokea kwenye kanzu.

Akina mama wakapiga kelele, viti vikaanguka. Mmoja akasema, "Damu mu arobaini ya bibi yake? Huyu bamemuloga." Jirani mmoja, fundi baskeli, anayejiona mchekeshaji, akasema, "Pengine ni divai ya misa, amekosea parokia." Watu wakacheka. Wameogopa na wanacheka, yote pamoja, na mimi katikati.

"Ni damu ya nani?" baba mudogo akanishika shati. "Sema."

"Ng'ombe," nikasema, lakini ilitoka ndogo, hata mimi sikuisikia vizuri.

"Muache mutoto aseme," shehe akamwambia.

Nikasema, "Si damu tena. Ni hemoglobini."

"Hemo nani?" fundi baskeli akauliza, na hapo ndipo walipocheka mpaka wengine wakashika mbavu. Baba mudogo hakucheka. Alinipiga kofi, akaigeuza bidon juu chini, akaimwaga yote. Kiwanja chake ni mawe ya volkano, hayabakizi tone. Kazi ya dada yangu ya miezi mitano ikaingia kwenye nyufa, akanitupia bidon kifuani.

Nikaitikisa. Ndani ya mkono wa kushikia bidon, pale panapobaki maji kidogo kila mara, kulikuwa kunacheza kitu. Nikakimbia.

Na unajua nini, pale Katindo askari alilitazama shati langu lenye madoa mekundu, akauliza, "Umetoka kuchinja?" Nikasema ndiyo. Akasema pita. Basi.

Zaina alinisikiliza mpaka mwisho bila kunitukana. "Imebaki?"

"Kidogo."

"Banahitaji matone tu," akasema, akapumua, na mimi nikapumua. Akaidondosha kwenye kibomba cha kioo, akaifuta nje kwa kitambaa chake, akaingia. Mimi nilisimama mlangoni.

Profesa akaiinua kwenye dirisha, akaiinamisha hivi na hivi. "Mademoiselle, hii inaelea juu ni nini?"

Zaina akaangalia. Vilikuwa vijitone vya rangi ya chungwa, vinazunguka juu ya ile nyekundu. Akageuka kunitazama.

"Mafuta ya mawese," nikasema. Siku nzima hilo ndilo neno pekee nililolitamka likasikika chumba kizima.

"Kazi yako inaitwa kusafisha," profesa akamwambia Zaina, bila ukali. "Rudi mwakani."

Baba mudogo mpaka leo hajasema pole. Anasema angejuaje. Nimemkasirikia, nimemkasirikia fundi baskeli, nimewakasirikia wote waliocheka, na nina haki. Lakini kinachoniunguza zaidi ni kwamba hata wangeniacha nipite na litre nzima, ilikuwa imekwishaharibika tangu kwa Mama Furaha, ndani ya bidon yake ya mawese niliyoisuuza kwa kikombe kimoja tu, kwa mkono wangu, kwa sababu niliogopa kutazamwa. Nimeapa kitu cha mtu nitakibeba ndani ya chombo alichonipa, barabara nzima initazame ikitaka.

Zaina alipoanza tena kwenda machinjioni, nilimsindikiza. Njia ya kurudi nikanyoosha mkono nimpokee chupa. Akaihamishia mkono wa pili, akaendelea kutembea.