Nyenje wa Jioni ya Sabato

Watu walinicheka. Mwalimu mzima, binti wa kuolewa, nashinda nimekodolea macho miti nikitafuta nyenje, wadudu wa kiangazi ambao kila mtu anawasikia na hakuna anayewaona. Nami sina subira na wachekaji. "Cheka, ukichoka utanyamaza," nilikuwa nawajibu. Sauti za nyenje nilizitenganisha kwa masikio. Wa kwenye mikaratusi alivuta mlio mmoja mrefu, wa kwenye miwati alikatakata.

Lakini wa kwenye mkuyu wetu, nyumbani Ikonge, sikumjua. Alianza jua likizama, akalia kama cherehani kwa muda mfupi, kisha kimya. Mwalimu mwenzangu, aliyewafikishia wataalamu wa wadudu Nairobi taarifa zangu, aliniambia wazi, "Sauti hawaipokei. Wanataka mdudu mwenyewe."

Haya, ningempata lini? Nilifundisha upande wa Nyamache na kulala huko huko. Nyumbani nilikuwa nafika Ijumaa jioni, naondoka Jumapili. Na kwetu Wasabato, jua likizama Ijumaa Sabato imeingia, likizama Jumamosi ndipo inatoka. Nyenje yule alilia tukiwa tumepiga magoti, baba yangu, tuliyemwita tata, akiomba. Na tata alijua kuomba! Aliwaombea wagonjwa, wasafiri, serikali, hadi ng'ombe. Tukisema amina, mkuyu umeshanyamaza. Nilikuwa naumia, nasema kweli.

Kisha tata akaamua kuukata mkuyu, apande chai pale kabla ya mvua. Wenye msumeno wangekuja Jumapili asubuhi. Nilimlilia bila aibu.

"Tata, ngoja wiki moja tu."

"Miche imeshafika," akasema. "Na chai ndiyo iliyokusomesha."



Jumamosi ile tukapiga magoti kufunga Sabato. Nyenje akaanza. Nikauma meno. Tata akasema, "Bwana, asante kwa Sabato. Amina."

Mama alifumbua macho, akadhani mumewe ameugua.

"Nenda," tata akaniambia. "Chukua ngazi."

Nilipanda na gauni langu la kanisani. "Yesu wangu, utavunjika!" mama akapiga kelele chini. Kwenye gome la mti, karibu kabisa na ile sauti, nikamwona mdudu ametulia, mabawa yake yanaonyesha hadi upande wa pili. Nikamfunika kwa kitambaa cha kichwa. Sauti ikakatika. Nilishuka kwa furaha, tata akinishikia ngazi mpaka chini.

Jumapili mkuyu ukaangushwa.

Mwenzangu, niliyempa mdudu yule ampeleke Nairobi, alikuja na jibu baada ya likizo ya Aprili. Wataalamu hawakuwa na nyenje wa namna ile, na walifurahi sana. "Lakini ulikamata jike," akasema. "Jike halii. Anayelia ni dume. Wapelekee dume, wajue ile sauti ni ya nani."

Nilimweleza tata pale pale palipokuwa na mkuyu, katikati ya miche ya chai. Aliendelea kupalilia. Moyo uliniuma kwa ajili yake kuliko kwa ajili yangu.

Tangu hapo, kila alipofunga Sabato, aliomba sala yake ndefu kama zamani, ila akifika mwisho alinyamaza kidogo. Nasi tulinyamaza naye, macho tumefumba. Nje hakikulia kitu, naye akasema amina.