Habari ya Mabati na Jani la Isale

Ipo siku moja ya soko, mwanangu, ambayo nikiikumbuka masikio yangu huwaka moto hadi leo, ingawa yamekuwa mazito kiasi kwamba radi ikipiga nauliza nani amebisha hodi. Nilikuwa kijana. Mwingereza ndiye aliyekuwa akitawala, vita vya pili vilikuwa vimekwisha miaka kadhaa, na sisi huku Machame tulikuwa tumeletewa redio.

Ilikuwa redio ya watu wote, kubwa kama zizi la mbuzi. Haya, punguza kidogo: kubwa kama sanduku la bibi harusi. Ilikaa barazani kwenye banda la kupimia kahawa, na betri yake ilipochoka ilipelekwa Moshi mjini kutiwa umeme, imefungwa shuka kama mgonjwa. Kila jioni watu walikusanyika kuisikiliza. Lakini Kiswahili chake kilikuwa cha mbio, na akina mama wengi walijua Kichagga na Kiswahili cha kuuzia ndizi tu. Kwa hiyo tukazoea hivi: habari zikiisha, mtu mmoja hupanda juu ya sanduku tupu la mbao na kuzirudia kwa Kichagga, polepole, kila mtu aelewe.

Mtu huyo nilikuwa mimi, Aminieli. Nilikuwa nimemaliza shule ya usiku, nikajiona nimemaliza dunia. Nilizirudia habari, mwanangu, nikazipamba! Redio ikisema mvua imenyesha Tanga, mimi nilisema nyumba zimeelea na mbuzi wameonekana wakipiga kasia. Watu walicheka hadi kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, kikamwagika. Bibi yangu Aikande, mama aliyemzaa baba, alikaa mbele kabisa akipiga makofi. Bibi aliniita mume wake, kama ilivyo desturi ya bibi na mjukuu, basi aliwaambia wenzake, "Mnamsikia mume wangu? Ana ulimi wa asali!" Nami nilivimba kama ndizi iliyoiva ikapasuka ganda.

Ndipo akarudi Manase.

Manase alikuwa amekwenda vitani, na huko kazi yake ilikuwa kupeleka maneno ya wakubwa kutoka kikosi hiki hadi kile. Alifundishwa kurudia neno kwa neno, maana huko ukiongeza neno watu wanakufa. Jioni moja nilikuwa na homa, akapanda sandukuni badala yangu. Alisema habari kavu kama unga usiosongwa. Kisha akamgeukia mama mmoja akamuuliza, "Mama, nimesema nini?" Yule mama akarudia. Alipokosea, Manase alisema tena, hata akapatia. Hakuna aliyecheka. Nilipopona nikakuta watu wanamtaka Manase.

Wivu, mwanangu, asikudanganye mtu kwamba unakaa moyoni. Mimi wangu ulinikaa kama siafu ndani ya suruali. Nikimwona Manase anapita na koti lake la jeshi, nawashwa. Nikisikia watu wanasema "Manase amesema," nawashwa. Lakini kilichonimaliza ni bibi. Siku moja nampelekea mtori wa ndizi, ananiambia, "Mume wangu, Manase anasema bei ya sukari haijabadilika." Bibi yangu mwenyewe! Ndani ya nyumba yangu, kwa mdomo wa mke wangu, jina la mwanamume mwingine! Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi nami nikaanza kujitembeza. Kilabuni kwenye mbege nikawaambia watu kwamba Manase anatunga, kwamba hata Kiswahili hakijui, na kwamba vitani alikuwa akipika chai tu. Maneno yalimfikia. Alisema tu mbele ya watu, "Aminieli asiniambie neno lolote mpaka aje na isale."

Isale unalijua, lile jani refu lililozunguka kihamba chetu, nyumba na migomba yake, kama ua. Ukimkosea mtu, unalichuma, unalifunga fundo, unampelekea. Aliyepelekewa isale hawezi kukataa. Na anayelipeleka hawezi kujidai. Nikaapa: mimi? Isale? Kwa Manase? Labda mlima huu uhamie Mombasa!

Sasa nikueleze kwa nini bibi alijali bei kuliko vichekesho. Zamani, kabla ya vita, alikuwa akiweka shilingi za kahawa ndani ya kibuyu, anataka kujenga nyumba ya mabati. Nyumba yake ilikuwa ya majani, na masika yakija alilala akihamisha kitanda kama anayecheza ngoma. Kisha vita vikaja, vitu vikaadimika, na vilipokwisha bei zilikuwa zimepanda kama zinafukuzwa na nyuki. Nguo ya amerikani, sukari, mafuta ya taa, vyote. Watu walivaa viraka juu ya viraka hata nguo ya kwanza ikasahaulika. Bibi alitaka kununua mabati upesi kabla mambo hayajaharibika zaidi, lakini kulikuwa na jamaa mmoja mwenye maneno matamu, akamwambia, "Ngoja, mama, nimesikia bei zitashuka keshokutwa." Hakuwa amesikia chochote. Alitaka tu kumfurahisha. Bibi akangoja. Alipokifungua kibuyu, fedha za nyumba nzima zilitosha kuezeka banda la kuku. Mwenyewe alikuwa akisema, "Fedha zangu zililala, zikaamka zimekonda."

Basi jioni moja redio ikatangaza kwamba mwezi unaokuja bei ya mabati itapanda sana. Manase akapanda sandukuni, akarudia kama ilivyo. Nilimwona bibi akiinuka na fimbo yake, uso umemkauka. Sikujua anawaza nini.

Kesho yake jioni mvua ilinyesha kama mbingu imetobolewa. Barazani tulikuwa mimi na mzee mlinzi wa banda, naye alikuwa akikoroma kushinda redio. Manase hakuja, mto ulikuwa umejaa. Mara msomaji wa habari akasema maneno ambayo sijawahi kuyasahau: "Jana tulisema bei ya mabati itapanda. Tulikosea. Bei itakayopanda ni ya saruji. Bei ya mabati haitabadilika. Tunaomba radhi."

Mwanangu, niliruka! Katika maisha yangu sikuwahi kusikia sauti ya wakubwa ikisema tulikosea. Lakini unadhani nilifurahia hilo? Nilifurahi kwamba Manase amewaambia watu kitu kisicho kweli, na mimi peke yangu nimeshika dawa yake. Bibi alikaa hatua chache tu kutoka kwangu, ng'ambo ya migomba. Ningeweza kwenda kumwambia jioni ile ile. Sikwenda. Nilitaka kesho, sokoni Kwa Sadala, mbele ya watu wote, nimwage habari ile Manase akiwapo, nimwone anavyosinyaa. Nikalala na neno langu kifuani, nikilikumbatia kama mto.

Asubuhi nilivaa shati la kanisani, nikachana nywele. Nilipopita kwa bibi nikakuta mahali pa ng'ombe ndani ya nyumba patupu. Ng'ombe wa kwetu hafungwi nje, wewe unajua. Anaishi ndani na watu, analetewa majani. Bibi alikuwa na mtamba mmoja, jina lake Shukuru, ana mimba ya kwanza. Ndiye alikuwa maziwa yake ya kesho, na mbolea ya kahawa yake, na mwenzake wa kuzungumza naye. Jirani akaniambia, "Bibi yako ametoka alfajiri. Amempeleka mtamba sokoni, anunue mabati kabla hayajapanda."

Nilikimbia kuteremka Kwa Sadala hata kivuli changu kikabaki nyuma kinauliza njia. Nikakuta mnada umechangamka. Bibi amesimama na mchuuzi wa ng'ombe wa kutoka mjini, Mzee Ramadhani, kofia yake nyeupe, mkono mmoja tayari umeshika kamba ya Shukuru, wanavutana bei. Nikapanda juu ya sanduku la mama muuza nyanya, nikapaza sauti:

"Jamani! Redio imekana! Mabati hayapandi!"

Kisha soko zima likaangua kicheko.

"Shuka, Aminieli, utanipasulia nyanya!"

"Huyu si ndiye alisema Waingereza wanakuja Machame kujifunza kupika mtori?"

"Na chumvi itagawiwa bure! Mimi nilikuja na gunia!"

"Leo ni kweli!" nikalia. "Naapa!"

"Na ile ya chumvi uliapa pia!"

Nikashuka, nikamkimbilia bibi, nikamshika mkono. "Bibi, usiuze. Nimesikia mwenyewe."

Akanitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kofi. "Mume wangu, nakupenda. Ukinichekesha nasahau hata meno yangu yaliyong'oka. Lakini habari ya bei nangoja Manase aseme." Akamgeukia mchuuzi. "Ongeza kidogo, mzee, tumalize."

Hapo, mwanangu, nikageuka kumtafuta Manase. Manase alikuwa pale ng'ambo ya barabara, ananunua sabuni. Nilimwita. Akanipa mgongo. Nikakumbuka neno lake.

Kando ya soko palikuwa na kihamba cha mtu, ua wake wa isale. Nikachuma jani, nikafunga fundo. Kutoka pale hadi kwa Manase ilikuwa safari ndefu kuliko kupanda kilele cha Kibo na kurudi. Watu waliniona. Vicheko vikakatika kimoja kimoja kama moto wa kuni mbichi. Nikamnyoshea jani.

"Nilikusema vibaya kilabuni," nikamwambia. "Nilikuwa na wivu."

Akalipokea. Hakutabasamu. "Unataka kuniambia nini?"

Nikamwambia.

"Umesikia mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Rudia walivyosema. Usiongeze, usipunguze."

Nikarudia. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilisema maneno ya mtu mwingine bila kuyavika kofia. Manase akaniangalia kama anayepima kahawa kwa jicho.

"Lini?"

"Jana jioni."

"Jana," akasema taratibu, na nilijua ameelewa yote. Akaliweka isale mfukoni, akaenda kwenye lile sanduku la nyanya. Mama mwenyewe alimpangusia juu yake.

"Akina mama, mimi juzi niliwaambia mabati yatapanda. Redio ilisema hivyo, nami nikasema. Jana redio imesema ilikosea. Kinachopanda ni saruji. Mabati hayapandi. Aliyesema juzi ni mimi, na anayesahihisha ni mimi. Aliyesikia ni Aminieli." Akamgeukia bibi. "Bibi Aikande, nimesema nini?"

Bibi akarudia. Akapatia mara ya kwanza. Kisha akaweka mkono juu ya kamba.

Mzee Ramadhani alikuwa na haki ya kunung'unika, na alinung'unika. "Shikamoo, mzee," nikamwambia kwa woga. "Marahaba. Shikamoo yako hainipi nyama," akajibu. Lakini akaiachia kamba. "Chukua, mama. Mimi nanunua ng'ombe, sinunui majuto ya watu."

Tulipanda kurudi nyumbani mimi, bibi na Shukuru. Tukavuka mto, bibi ametangulia. Halafu akauliza, bila kunitazama, "Redio ilisema jana jioni?"

"Ndiyo, bibi."

"Nawe ulilala wapi?"

"Nyumbani."

"Hatua chache kutoka kwangu." Akasimama, akajishika kiuno. "Sikiliza, mume wangu. Yule aliyeniambia ningoje hakunichukia. Alitaka nimpende. Nawe ulinyamaza kwa sababu hiyo hiyo, kwamba upendwe. Mimi sina bunduki ya kupiga bei. Bei zikipanda, mtu kama mimi anajikinga kwa kitu kimoja tu, habari ya kweli, mapema. Na habari ni kama fedha. Ukiilaza, inaamka imekonda."

Nilitamani ardhi inimeze, lakini ardhi ya Machame imejaa kahawa, haina nafasi.

Mabati aliyapata, mwanangu, msimu wa kahawa ulipopita na Shukuru alipozaa. Manase akabaki na sanduku lake. Watu walinipa mimi kazi ya kuwachekesha wakingoja redio ipate moto. Nilikuwa namwonea wivu bado, sitakudanganya. Wivu haung'oki kama jino. Ila nilianza kumsikiliza kwa makini, kwanza nimkamate akikosea, baadaye kwa kuwa nilizoea kusikiliza. Hata jioni moja Manase akiwa mgonjwa nikapanda mimi, nikasema bei ya mafuta ya taa, kavu, bila mbuzi hata mmoja. Watu wakatazamana. Bibi akainuka, akachukua chupa yake, akaenda dukani moja kwa moja. Hakuuliza Manase amesemaje. Makofi yote niliyowahi kupigiwa hayakufikia mgongo ule wa bibi ukienda dukani.

Kwa hiyo, mwanangu, cheka na watu, na ukitaka mbuzi wapige kasia, waache wapige. Nami katika hadithi hii nimewapakia wachache. Lakini neno ambalo mtu ataliuzia ng'ombe wake, liseme lilivyo, na uliseme siku ile ile. Ukikosea, panda juu ya sanduku lile lile ulilosemea kosa. Na ukimwonea mwenzako wivu, kachume isale mapema, ungali huna haja naye. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Mungu aliyeuweka mlima huu mahali pake akuweke nawe mahali pako. Mvua ikinyesha, ikukute chini ya paa. Na siku utakapofungua kinywa, bibi wa mtu achukue chupa yake, aende bila kuuliza.