Kibali Kilichokwisha Muda Kabla ya Kutolewa

Nina tabia mbaya ya kushuku. Mtambo ukikwama, kabla sijaukagua huanza kuwakagua watu.

Shuleni kwetu Masasi nilikuwa natunza mfumo wa masomo ya video kupitia kivinjari. Mwalimu wa fizikia, mkubwa kwangu kwa umri na mgeni kutoka kanda ya ziwa, aliwafundisha wanafunzi wa shule moja ya Newala isiyo na mwalimu wa somo hilo. Kompyuta za pande mbili zikishindwa kuonana moja kwa moja, zilipitia seva ya kati tuliyokodi, nayo haikumpitisha mtu bila kibali. Vibali vilitolewa na kompyuta yangu ofisini, kila kimoja kikidumu saa mbili.

Wiki moja masomo ya Newala yakakatika. Seva ilikataa kila kibali. Lakini yule mwalimu akijaribu na mwenzake humuhumu shuleni, picha safi kabisa! Nikajua tu: kawagawia watu wake siri ya vibali, na sasa seva imetufungia. Kwenye kikao cha walimu nilisimama nikasema hivyo, na neno wizi nikalitamka. Mkuu wa shule akamwondoa kwenye mfumo. Yule mwalimu aliuliza tu, "Mwalimu, una hakika?" Nikamwona mjanja zaidi.

Siku ya nne ndipo nikakisoma kibali chenyewe. Kilikuwa kimetolewa dakika ile ile, asubuhi, na muda wake ulikuwa umekwisha tangu alfajiri. Nikaitazama saa ya kompyuta: ilikuwa nyuma kwa saa sita. Umeme ulipokatika wiki ile, saa ya kompyuta ilipotea. Nikauliza ni saa ngapi, nikajibiwa saa tatu, nami kwa haraka nikaandika 3 badala ya 9, ilhali kompyuta huhesabu saa kuanzia usiku wa manane. Ingeweza kujirekebisha yenyewe kwa mtandao, ila nilishaizuia, kwa kutoamini. Na humuhumu shuleni kompyuta zilionana zenyewe, seva haikuhusika.

Nilimfuata nyumbani kwake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Nikamweleza yote, nikamwomba radhi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Wizi ulinitangazia kikaoni," akasema. "Kaniombe radhi hukohuko."

Nikaahidi. Kikao kilichofuata tulipitia ajenda zote hadi mengineyo. Mkuu akauliza kama kuna mwenye neno. Yule mwalimu akanitazama. Niliona aibu, nikainamia daftari langu, na kikao kikafungwa.