Asubuhi Niliyoikimbiza Mpitimbi Nzima

Chekeni kabisa kabla sijaanza, maana watu wa Mpitimbi walikwisha kunicheka mpaka wakachoka na nyinyi hamwezi kuwazidi. Mimi ndiye yule aliyekwenda ukweni kumchukua mke wake akaondoa kijiji kizima majumbani, na wala sikuwa na nia mbaya, nilikuwa nafanya mazoezi.

Mnanijua, mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Raha yangu ni kigoda changu pale Msamala na mtu wa kupiga naye soga. Lakini miaka ile baada ya Maji Maji Wadachi walikuwa wakitaka wapagazi, na ukishikwa unabeba mzigo mpaka Lindi, kurudi ni majaliwa. Aliyeachwa ni tarishi wa barua tu, anakimbia mpaka mahali pa kupokezana, anampa mwenzake fimbo yenye barua, anarudi kulala kwake. Basi nikaamua kuwa tarishi (yaani nikimbie ili nipate kukaa, hizo ndizo akili za mtu aliyemaliza shule ya misheni). Boma lilikuwa litujaribu mwezi ukiandama, na tarishi mzee aliyenifundisha alinipa masharti mawili: usiilaze miguu hata siku moja, na ukikimbia usimjibu mtu, maneno yanakula pumzi.

Sasa, mke wangu alikuwa Mpitimbi kwa wazazi wake, alikokwenda kujifungua mtoto wetu wa kwanza, Zawadi. Mtoto alikwisha anza kukaa, na mimi nilikuwa nimechoka kula ugali wenye madonge wa mkono wangu mwenyewe. Nikaenda kuwachukua. Baba mkwe akanipokea vizuri, akasema tutazungumza kesho, na hapo maana yake unatazamwa kwanza. Mwanamume anayetazamwa ukweni huamka taratibu, huwaamkia wazee, hungoja uji. Mimi nikaifikiria miguu yangu.

Alfajiri nikamnong'oneza mke wangu, "Nakwenda kukimbia kidogo."

"Huku? Tulia, Baba Zawadi."

Nikatoka. Nguo nimeikaza kiunoni, kifua wazi, mkononi fimbo iliyopasuliwa ncha, na kwenye mpasuko nimebana jani kavu la mgomba badala ya barua, ili mkono uzoee.

Nikapita kisimani. Mama mmoja mwenye mtungi akauliza, "Baba, kuna nini huko utokako?" Masharti ni masharti, sikujibu, nikapunga fimbo kuelekea mbele, nikiwa na maana kwamba naendelea na safari yangu. Yeye aliona tarishi wa boma anahema, hasalimii, na anamwonyesha njia ya korongoni, walikojificha wakati wa vita. Mtungi niliusikia tu ukipasuka nyuma yangu, nikamsikitikia, nikaendelea.

Kule kwenye mwinuko nikageuka. Kijiji kizima kinakuja nyuma yangu, wanawake na vikapu kichwani, mzee mmoja na kuku kwapani, mbuzi, watoto. Mtu mwenye akili angesimama akauliza. Mimi nikajua askari wameingia, nikaongeza mwendo, na wao kuona tarishi kaongeza mwendo wakaongeza pia. (Sijapata kukimbia vizuri namna ile, na mwalimu wangu hakuwepo kuona.)

Tukateremka korongoni, kila mtu akajitupa kichakani, kimya. Mara nikasikia mtoto anakohoa karibu na sikio langu. Kugeuka, ni Zawadi, mgongoni mwa bibi yake. Na kwetu Wangoni mtu na mama mkwe wake hawakaribiani, ukimwona njiani unampisha majanini, sasa huko majanini ndiko tulikokuwa, sote wawili, goti kwa goti. Kusema naye ana kwa ana ndiyo kabisa haiwezekani.

Akageuza uso, akamwambia mtoto polepole, "Mjukuu wangu, muulize baba yako, wako wengi?"

"Zawadi," nikasema nikitazama udongo, "muulize bibi, akina nani?"

"Askari."

"Mwambie bibi mimi sikuwaona. Nilidhani yeye kawaona."

Akampandisha mtoto mgongoni. "Muulize baba yako, sasa tunamkimbia nani?"

Zawadi akacheua.

Hapo ndipo nilipokitazama kikapu cha mama mkwe. Mbegu za mahindi, chumvi, chungu kidogo, vimefungwa vizuri, si kwa haraka ya asubuhi ile. Kila nyumba ilikuwa na kikapu kama hicho kando ya mlango. Wakati wa vita walikimbia bila mbegu, na njaa ya baadaye ilizika watu wengi kuliko bunduki. Nikatamani korongo linimeze.

Tuliporudi, mke wangu alikuwa anakoroga uji.

"Wewe mbona hukukimbia?" baba yake akauliza.

"Nilijua ni mume wangu."

"Na hukusema?"

"Nilisema, baba. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nani alisimama?"

Shemeji yangu mmoja akachomoa lile jani kwenye fimbo, akampa jumbe wa kijiji asome. Jumbe akalitazama pande zote mbili bila kucheka. "Inasema uji unapoa."

Watu wakaanguka kwa kicheko, ila si baba mkwe. "Nimkabidhi binti yangu mtu anayekimbia asichokijua?" Nikainama. Niliona kabisa narudi Msamala peke yangu kwenye madonge yangu.

Sauti ikatoka ndani ya nyumba. "Mjukuu wangu, mwambie babu yako, korongoni huyu ndiye aliyefika wa kwanza. Ikija siku ya kweli, binti yangu atakuwa na mtu anayeijua njia. Awape ruhusa. Ila waende wakitembea."

Tulitembea mpaka Msamala, mke wangu mbele, mimi nyuma na mtoto, na nikiharakisha kidogo tu anageuka kunitazama. Boma walinichukua (si wa kwanza, lakini walinichukua).

Siku hizi nikienda Mpitimbi sikimbii kabla jumbe hajapitisha mtu jioni kutangaza nyumba kwa nyumba: kesho alfajiri mkwe atakimbia, hakuna vita, laleni. Na watu wanalala kweli. Ila mke wangu ananiambia mama yake huamka, huketi mlangoni kando ya kikapu chake mpaka anione nimerudi. Kwa hiyo kule huwa nakimbia mwendo mfupi sana.