Mayai ya Ama

Siku tatu sijapata usingizi wa maana, na sababu ni ujumbe mmoja kwenye simu. Mwalimu wetu wa darasa la nne anastaafu. Tuliosoma kwake tumeombwa kila mmoja aandike kumbukumbu tamu, zitakazosomwa kwa sauti mbele yake kabla ya keki kukatwa. Nimpe asali au nimpe ukweli? Nikimpa ukweli, wenzangu watasema nina kinyongo. Kinyongo ninacho, sikatai. Nikinyamaza je? Si ndivyo nilivyofanya mara ya kwanza? Nimeandika, nimefuta. Unanijua nilivyo, hata kuchagua soksi kunanichosha.

Ngoja kwanza nikupeleke International City, mtaa wa wageni huko ughaibuni, miaka ile ya mwanzo ya 2010. Tuliishi ghorofa ya pili, mimi, wazazi wangu na Bibi yangu wa Unguja. Mlango wa pili walikaa watu wa Taiwan: baba na mama waliowahi basi la kwenda metro kabla hatujaamka, binti yao niliyekaa naye dawati moja, na bibi yake. Sote tulimwita Ama, kwani ndivyo kwao wanavyomwita bibi.

Ama akikukuta koridoni hakuuliza habari. Aliuliza, "Umeshakula?" Ukisema bado, umekwisha, utaingizwa ndani. Bibi alimpenda kwa hilo. "Huyu wa kwetu," alisema, "kakosea meli tu." Walizungumza kwa Kiingereza cha kuokoteza na mikono minne, na wakaelewana kuliko wazazi wetu.

Jikoni mwake mlikuwa na jungu la umeme la kijani, alilolipakata ndani ya ndege kutoka kwao. Humo alichemsha mayai, kisha akatupa vijiko, mimi na mjukuu wake, tuyagonge mpaka maganda yafanye nyufa bila kubanduka. Yalirudi kwenye mchuzi wa chai nyeusi, soya na mdalasini, yakalala humo hadi kesho. Ukiyamenya, yalikuwa na michirizi ya kahawia kama marumaru. Nikigonga kwa woga, Ama aliguna. "Yai lako lina kiburi. Lisipopasuka, chai itaingilia wapi?"

Na alitufundisha kutoa kitu kwa mikono miwili. Hata ukiwa unampa mtu kijiko. Mkono mmoja, kwao, ni kama kumrushia mbwa.

Siku moja mjukuu alikuja shuleni na mayai hayo. Alipofungua kibweta chake cha chakula, mwalimu alibana pua. "Nini hiki? Mayai yameoza! Khalas, basi, hiki si chakula cha watu." Akayamwaga kwenye pipa la taka, akamwamuru rafiki yangu alibebe pipa lile mpaka uani, mbele ya darasa zima. Darasa likacheka. Mimi nikacheka pia. Na mayai mawili kati ya yale nilikuwa nimeyagonga kwa mkono wangu.

Kesho yake Ama alikuja shuleni mwenyewe, amevaa blauzi yake ya sikukuu, na sahani ya mayai mapya. Alisimama mlangoni mwa darasa akaitoa kwa mikono miwili, kichwa kimeinama. Mwalimu hakuinuka. Alinyoosha kidevu. "Weka hapo chini." Ama hakuweka. Aligeuka akaondoka na sahani yake, bado ameishika kwa mikono miwili.

Jioni ile nilimwambia Ama nimepata dawa: nitaficha yai bichi kwenye droo ya mwalimu, lioze taratibu. Nikamsihi amuulize mungu wake kama nifanye. Alikuwa na vipande viwili vya mti vyekundu, vyenye umbo la mwezi mchanga, bapa upande mmoja. Bibi, aliyekuwa amekaa pale, aligeuza uso. "Sie hatupigi ramli. Lakini jirani na yake." Ama alivirusha sakafuni. Vyote viwili vikaangukia migongo, vikawa vinayumba.

"Anacheka," akasema Ama. "Swali lako bovu. Unauliza ya mwalimu. Wewe ulikuwa wapi?"

Nikajua mjukuu wake alikuwa amemwambia kwamba nami nilicheka. Akaniletea vile vipande, kwa mikono miwili, niulize upya. Sikuweza. Nilikimbilia kwetu.

Baada ya hapo rafiki yangu alikuja shuleni na mkate wa jibini, kila siku, mpaka walipohama. Nilipita pale juzi. Mlangoni pao pamejaa viatu vya wageni wanane au tisa, na koridoni pananuka rangi mpya. Hakuna anayeuliza kama nimekula. Bibi naye hayupo tena. Aliyebaki na afya njema ni mwalimu, na sasa anatayarishiwa keki.

Basi nimeuliza upya. Si kama nimlipize. Nataka kumlipiza, na nataka uso wake niuone. Swali ni kama nitasema yote, na kicheko changu kikiwamo. Ndiyo, nitasema. Nimeandika ulichosoma hapa, bila asali, na nimewaambia waandaaji kuwa nitakisoma mwenyewe, kabla ya kisu kugusa keki.

Kisha nikaishika simu kwa mikono miwili, nikawatumia.