Maiti wa Mlangoni

Mtaani kwetu Margilan harusi ilikuwa haijakamilika mpaka Oyniso afe. Bwana harusi akikaribia chumba alimokaa bibi harusi nyuma ya pazia, alimkuta Oyniso amelala chali kizingitini, mikono kifuani, nasi wanawake tumemzunguka tukilia kilio cha uongo: "Jamani, bibi wa watu amekufa!" Haamki mpaka apewe zawadi. Kila harusi lazima awepo wa kufa hivyo, lakini hakuna aliyekufa kama yeye. Taya aliliachia kabisa, na nzi akitua puani hashtuki.

Alianza mapema. Mumewe, dereva wa lori la pamba, alifariki wakiwa bado vijana, na kwetu mjane haingii nyuma ya pazia la maharusi. Hashiki kioo wanachojitazamia pamoja, hagusi godoro lao, asije akawaachia mkosi. Naye harusi alizipenda kuliko kula. Basi akajitwalia mlango. "Mmeninyima chumba," alituambia, "lakini hapiti mtu bila kuniona."

Ndipo akaoa Botir, fundi baiskeli, mkono wa birika.

"Shangazi Oyniso, amka bwana, watu wanasubiri."

"Maiti hasikii," nikamjibu.

Akajipapasa, akatoa leso ya pamba. Oyniso akafumbua jicho moja. "Hiyo ya kufutia mnyororo kampe mama yako." Akalifumba tena.

Botir akafikiri kidogo. Kisha, na joho lake lililotariziwa dhahabu, akajilaza sakafuni kando yake. "Na mimi nimekufa! Wa kunifufua ni bibi harusi, na aje na zawadi."

Rafiki zake wakapiga makofi. Mama yake, Enahon, akapiga yowe: "Botir! Joho la kuazima hilo!"

"Sogea," Oyniso akamnong'oneza. "Kaburi hili la mtu mmoja."

"Tutabanana, Shangazi."

Hakuna aliyekubali kuamka. Harufu ya pilau ikaingia kutoka uani, matumbo yakaanza kunguruma. Ghafla, nyuma ya pazia, ikasikika sauti ya Zulhumor, bibi harusi mwenyewe, ambaye siku ile alitakiwa ainamishe macho na asitoe neno:

"Wazikeni wote wawili, mimi nina njaa!"

Tukaganda. Kilichoanza kutikisika ni tumbo la Oyniso. Maiti akacheka mpaka machozi, akajikuta amekaa, hana zawadi wala nini.

Enahon hakucheka. "Mkwe wangu anasema? Leo?"

"Nisamehe, Mama," sauti ikajibu kwa upole. "Ila huyo marehemu aingie ale na mimi. Sakafu yenyewe baridi."

Mjane aingie nyuma ya pazia? Oyniso akaacha kutabasamu. Akaanza kujifunga kilemba upya, huku akitafuta viatu vyake kwa macho, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha moto jikoni. Nikamshika mkono wa gauni. Sikumwachia.

Enahon akamtazama Oyniso, akamtazama na mwanawe pale chini.

"Aingie," akasema. "Mtu aliyekufa mara zote hizo, hata mkosi wake umeshachoka."

Oyniso akamruka Botir, ambaye bado alikuwa akisubiri zawadi yake, akapita pazia. Nilikuwa nyuma yake. Zulhumor alikuwa ameshamsogezea sahani, na Oyniso akaketi kwa adabu kama msichana, asijue mikono aiweke wapi. Botir alipoinuka akaingia, kioo cha maharusi kikaletwa, akakabidhiwa Oyniso akishike. Kilitetemeka mno hata Botir akalalamika kwamba anamwona mkewe ana pua mbili.

Mtaa mzima uliikodolea macho ndoa ile, ukingoja balaa. Walikuja mapacha, likaja paa linalovuja, na ugomvi kama wa nyumba nyingine zote. Wangojaji wakachoka.

Sasa Oyniso ndiye anayeitwa kushika kioo, na kufa hataki tena hata umbembeleze. Kazi hiyo wamenitwisha mimi. Wanalalamika kwamba napumua sana.