Nilimtengenezea binamu yangu povu la kuogea siku anaolewa na mwanamume niliyemtaka mimi

Wakuu, hamjambo humu. Mimi ni wa kusoma nyuzi zenu na kupita, lakini leo wacha nitoe yangu. Chumvi sijaongeza.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini tulikaa Kariobangi, ploti ya vyumba na bafu moja la watu wote. Mimi, mama, na binamu yangu Kavata aliyetoka ushago kutafuta kazi.

Jirani yetu Bi Mwanaisha, mama wa Mombasa, ndiye aliyenifunza kutengeneza unga wa povu. Unakwaruza sabuni ya kipande, unaanika hadi ikauke kabisa, unatwanga. Unachanganya na baking soda, cornflour na citric, ile ya kutengenezea juice. Asmini zilizokaushwa, kidogo, kwa harufu.

Ukimwaga kwenye beseni la maji moto, povu linapanda hadi ukingoni.

Kitu kimoja tu: maji yasiingie kwenye mkebe wa kuwekea unga. Yakiingia, unga unachemkia humo humo, kwisha. Siku ya kuoga unakaa tu kama uji.

Unga nilitengeneza mimi. Kavata alikuwa wa kuoga.

Sasa kulikuwa na Musyoka, karani fulani wa ofisi za tao, mjini. Alikuja kwetu kila Jumapili, na honestly nilijua anakuja kwa ajili yangu. Tunapiga story, mama anaweka chai.

Jumapili moja Kavata akatoka bafuni, akapita mlangoni. Musyoka akageuza shingo kumfuata.

"Huyu ananukia nini?" akaniuliza mimi. Mimi!

"Sabuni," nikamjibu.

Nilitaka kumwambia ni kazi ya mikono yangu hiyo ananusa. Badala yake nikamwongezea chai.

Haikuchukua muda, wazee wa kwao wakaja kumposa Kavata.

Wakuu, ule wivu! Nikiona leso yake kwenye kamba, naigeuzia mgongo. Akicheka chumbani, nazima redio nisikie anacheka nini. Chai ikawa chungu na sukari imo.

Asubuhi ya harusi akaja na beseni. "Mueni, nitengenezee yale maji yako. Leo tafadhali yajae povu."

Nikabaki na mkebe mkono mmoja, kikombe cha maji mkono wa pili. Kijiko kimoja tu cha maji humo mkebeni. Nani angejua?

Bi Mwanaisha alikuwa pale mlangoni akitunga asmini za bibi harusi. Akaniangalia, akaangalia kikombe.

"Mwanangu, ukiuharibu huo unga, Musyoka atamwoa vilevile. Atamwoa bila povu."

Nilicheka hadi nikalia. Halafu nikalia kweli.

Nikaweka kikombe chini, nikamwaga unga wote kwenye beseni. Povu likamwagika hadi sakafuni, kila mtu wa ploti akatoka kuangalia.

Kavata akaniita nimsugue mgongo. Akasema bila kugeuka, "Najua ulikuwa unamngoja. Ningekuwa wewe, nisingempa mtu kama mimi hata maji baridi."

"Basi shukuru wewe si mimi."

Nikamsugua hadi akapiga kelele. Hiyo nilijiruhusu.

Msifikiri wivu uliisha siku hiyo. Nilimpakata mtoto wao wa kwanza na wivu bado unaniuma. Wa pili, bado. Uliondoka lini sijui, nilishtukia tu siku moja nimekaa kwao, Musyoka anakoroma kwenye kiti mdomo wazi, na sihisi chochote.

Nilichojifunza: kutenda vizuri hakukuondolei uchungu. Lakini miaka hiyo yote sijawahi kushindwa kumtazama Kavata usoni, na leo ndiye wa kwanza kunipigia simu nikiugua.

Haya, nanyi semeni. Nani humu amewahi kumpamba bibi harusi wa mwanamume aliyemtaka yeye mwenyewe? Ulifanyaje? Semeni ukweli, hapa hakuna anayemjua mwenzake.